Winchi ya Nanga Imegoma: Kutafuta Chanzo Kuanzia Mlio Hadi Mnyororo

Nahodha akinipigia simu kutoka visiwani kwamba winchi yake imekufa, siulizi ni ya kampuni gani wala aliinunua shilingi ngapi. Nauliza: "Mzee, ukibonyeza swichi unasikia 'tak', au kimya?" Akinijibu hilo tu, njia imeshagawanyika mara mbili, na mara nyingi tunamaliza kazi kwenye simu bila mimi kupanda feri kwenda kisiwa cha Bugala.

Kazi yangu ni umeme wa boti za matembezi, kuanzia Munyonyo na Entebbe hadi visiwa vya Ssese, kwenye Ziwa Victoria upande wa Uganda. Wazee wa pwani walikuwa na neno lao la mashine ya kuvutia nanga, duara, nao waliizungusha kwa mikono. Sisi tunabonyeza kitufe, na kikigoma tunamlaumu aliyetengeneza mota. Lakini winchi nyingi nilizofungua nilikuta mota nzima. Ugonjwa uliingia siku ya kununua au siku ya kufunga, ukatulia humo hadi asubuhi moja ya mawimbi. Ndiyo maana naanza na dalili, ila karibu kila dalili itaturudisha dukani au kwenye drili.

Kabla hujagusa kitu, hakikisha nanga haining'inii kwenye winchi. Ifunge kwa kamba nene kwenye kigingi cha sitaha, kisha zima breka kubwa ya winchi, ile swichi inayokata umeme, si breki ya kusimamisha mnyororo. Ukilazimika kuiwasha ili upime, mkono usiwe karibu na gurudumu la mnyororo, na mwenye kubonyeza swichi awe anakuona. Mota ya wati 1,000 haitofautishi kidole na kiungo cha mnyororo.

Kimya kabisa

Winchi ina njia mbili za umeme. Moja ni nene, inatoka betri hadi kwenye mota na kubeba ampea 80 au zaidi. Nyingine ni nyembamba, inatoka kwenye swichi hadi kwenye kontakta, kile kisanduku kinachopokea amri ya kupandisha au kushusha na kuufungulia umeme mkubwa. Kimya maana yake amri haifiki kwenye kontakta.

Anza na breka. Najua unacheka, lakini nimeshasafiri nusu siku kwenda kuwasha breka iliyozimwa na kijana aliyekuwa akisafisha boti. Ikiwa imewashwa, tafuta fyuzi ndogo ya njia ya amri. Mara nyingi iko nyuma ya paneli ya usukani au kwenye waya wenyewe karibu na kontakta, na mwenye boti hajui kama ipo.

Halafu swichi za mguu. Jua letu hapa ikweta linakausha ule mfuniko wa mpira mpaka unapasuka, maji yanaingia, na ndani pale panaota ukungu wa kijani. Fungua swichi, toa waya zake mbili, ziguse pamoja kwa sekunde moja. Kontakta ikilia, swichi ndiyo mbovu. Isipolia, endelea kuufuata waya.

Ikiwa winchi inashusha lakini haipandishi (au kinyume chake), kuna ujanja usiohitaji kifaa chochote. Badilisha nafasi za zile waya mbili nyembamba za amri kwenye kontakta. Sasa bonyeza kitufe cha kushusha. Winchi ikipandisha, kontakta ni nzima, na mbovu ni swichi ya kupandisha au waya wake. Isipofanya kitu, upande huo wa kontakta umekufa. Kumbuka kurudisha waya mahali pake, maana nahodha atakayekuja kesho hajui ulichofanya.

Kwenye boti zinazolala na taa za mbele zimewashwa, ongeza chanzo kimoja ambacho vitabu vya Ulaya havikitaji: wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Wanajazana kwenye taa, wanakufa, umande unawaloanisha, na uji wao unaingia kwenye viunganishi vya waya. Brashi, maji safi, kausha, paka grisi kidogo.

Inalia "tak" lakini haizunguki

Hapa amri imefika na kontakta imeitikia, ila umeme mkubwa haupiti. Chukua multimita, weka kwenye volti za DC, upande hasi wa mita uwe kwenye waya hasi wa mota. Mwenzako abonyeze swichi. Gusa mahali umeme unapoingilia kontakta.

Namba ikianguka toka 12 hadi 5 au 6, tatizo liko nyuma, kuelekea kwenye betri: betri imechoka au kuna kiungo kilicholegea. Namba ikibaki 12 mahali pa kuingilia na kuwa sifuri mahali pa kutokea, vigusio vya ndani ya kontakta vimeungua. Kontakta haitengenezwi kwa sandpepa ikadumu, nunua nyingine. Na ikiwa volti 12 zinafika hadi kwenye nguzo za mota yenyewe na mota imelala, basi kwa mara ya kwanza mota ni mshukiwa.

Hata hapo usikate tamaa. Igonge mota taratibu kwa mpini wa nyundo huku mwenzako amebonyeza. Ikiamka, kaboni zake, vile vipande vinavyosugua na kupitisha umeme ndani ya mota, zimeisha au zimekwama kwenye nyumba zake. Hiyo itakuvusha leo, si kesho. Kaboni za kuchonga kutoka za stata ya gari nimeziona zikifanya kazi, na mafundi wa Katwe, Kampala, wanazichonga vizuri, mradi ziteleze kwa uhuru kwenye nyumba zake na springi iwe na nguvu. Kaboni inayobana ni sawa na kutokuwa nayo.

Ukisikia "tak-tak-tak" mfululizo kama pikipiki inayokataa kuwaka, hiyo ni familia nyingine. Kontakta inashika, volti zinaanguka, inaachia, volti zinapanda, inashika tena. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayofuata.

Inazunguka, lakini kinyonge

Hii ndiyo simu ninayoipokea kuliko zote. Mnyororo unapanda kama mzee kwenye ngazi, mota inaguna, waya zina joto. Mwenye boti ananihakikishia kwamba betri ni nzuri kwa sababu mita inasoma 12.6.

Mita inayosoma betri iliyopumzika haikwambii habari ya mzigo. Pima winchi ikiwa kazini. Chukua vipimo viwili: kwenye nguzo za betri na kwenye nguzo za mota. Tuseme betri inaonyesha 11.8 na mota inapata 9.7. Volti 2.1 zimepotea njiani. Kwa ampea 80 hizo ni wati 168 zinazogeuka joto ndani ya waya na viungo vyako, mahali usipopaona, pengine nyuma ya mbao kavu.

Sasa mtafute mwizi. Weka ncha moja ya mita juu ya nguzo ya betri yenyewe, ile risasi, na nyingine juu ya kichwa cha waya kilichobanwa hapo. Mwenzako abonyeze. Kiungo safi kinasoma karibu na sifuri. Kikizidi volti 0.2, kifungue, kisugue, kikaze. Endelea hivyo: upande huu na ule wa breka, kuingia na kutoka kwenye kontakta, kila lagi (kichwa cha waya). Kisha fanya hivyo hivyo upande hasi. Watu wanasahau upande hasi kana kwamba umeme unakwenda bila kurudi, na huko ndiko nimekuta lagi nyingi zilizobanwa kwa koleo badala ya mashine yake.

Viungo vyote vikiwa safi na volti bado zinapotea, waya ni mwembamba au ni wa uongo.

Kwanza wembamba. Hesabu yake ni fupi. Zidisha 0.0175 kwa urefu wa waya kwa mita, kwenda na kurudi, kisha kwa ampea. Gawanya kwa unene wa shaba kwa milimita za mraba. Boti ya mita 9 yenye betri nyuma ina mita 8 za kwenda mbele na 8 za kurudi, jumla 16. Kwa ampea 80 unapata 22.4 ya kugawanya. Waya wa milimita 16 za mraba unakula volti 1.4. Wa 25 unakula 0.9. Wa 35 unakula 0.64. Kwa winchi, kupoteza asilimia 10, yaani volti 1.2 kwenye mfumo wa volti 12, ndiyo kikomo. Kwa hiyo wa 16 umeanguka mtihani, wa 25 umepita, na wa 35 ndio ninaoufunga kwenye boti ambayo sitaki kuitwa tena.

Wapo wanaoikwepa gharama ya waya kwa kuweka betri ya pekee huko mbele karibu na winchi. Si wazo baya. Ila betri hiyo itahitaji waya wa kuichaji, sanduku lisiloingiza maji na mkanda wa kuishikilia, maana sehemu ya mbele ndiyo inayorushwa na mawimbi kuliko zote. Mimi hupendelea kununua shaba.

Na uongo. Soko letu lina waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Mwaka juzi mteja alinipa roli aliyouziwa kama milimita 35, jekundu zuri, bei nusu. Lilikuwa jepesi mkononi kama kamba. Nilikwangua uzi mmoja kwa kisu: ngozi ya shaba, ndani nyeupe. Alumini inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, na kwenye lagi yenye unyevu inaoza upesi. Ukitaka uhakika dukani, omba mizani. Mita moja ya shaba ya milimita 35 za mraba, bila ganda lake, ina uzito wa gramu 310 hivi. Ya uongo haifiki nusu. Muuzaji akikataa kupima, umeshapata jibu.

Ziwa letu ni maji baridi, kutu haitutafuni kama inavyowatafuna wenzetu wa Mombasa. Lakini unyevu haukauki kwenye sanduku la mnyororo, kwa hiyo ukipata waya wa shaba iliyopakwa bati, chukua huo.

Kuhusu betri yenyewe, mara nyingi inasingiziwa. Fanya hesabu: ampea 80 kwa dakika mbili, muda wa kutosha kupandisha nanga, ni kama ampea-saa 2.7. Mashine ya nje (injini ya boti) inayochaji ampea 10 inazirudisha kwa dakika 16. Winchi haiwezi kuimaliza betri nzima kwa nanga moja. Kinachoimaliza ni spika na friji la vinywaji vilivyofanya kazi tangu adhuhuri wakati wageni wanaogelea, halafu jioni ndiyo unadai nguvu kwa winchi. Tenga betri ya kuwashia mashine na betri ya starehe. Na washa mashine kabla ya kugusa winchi, siku zote. Hata ikichaji kidogo, utaihitaji kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi.

Breka inakatika katikati ya kazi

Kosa la kwanza la watu ni kununua breka kubwa zaidi. Breka iko pale kuulinda waya usiwake moto. Ukiibadilisha ya ampea 80 kwa ya 150, umehamisha mahali pa kuungulia toka kwenye breka hadi ndani ya boti ya faiba au mbao yenye petroli.

Kosa la pili ni aina. Nimekuta breka za nyumbani, zile za paneli ya ukutani, zimefungwa kwenye winchi. Umeme wa nyumbani wa Uganda, wa mizunguko 50 kwa sekunde, unapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche ya breka inazimika hapo. Umeme wa betri haupiti sifuri. Cheche inaendelea, breka inayeyuka ikiwa imeshikana. Tafuta iliyoandikwa DC, ya ampea alizoandika mtengenezaji wa winchi, uiweke karibu na betri mahali mkono unapofika.

Breka ikiwa sahihi na bado inakatika, fikiri kuhusu mzigo. Nanga ya kilo 15 na mnyororo wa milimita 8, ambao una kilo 1.4 kila mita. Uko kwenye ghuba yenye kina cha mita 10. Mnyororo unaoning'inia ni kilo 14, nanga 15, jumla kilo 29. Uliobaki umelala chini na winchi haiubebi bado. Hakuna winchi ya boti ya mita 9 inayoshindwa na kilo 29. Kwa hiyo kama breka inakatika, winchi inavuta kitu kingine.

Mara nyingi kitu hicho ni boti yenyewe. Nahodha ameketi, upepo wa kusi unasukuma, na yeye amebonyeza kitufe akitegemea winchi iikokote boti nzima na watu 15 hadi juu ya nanga. Winchi ya nanga haijatengenezwa kuvuta chombo. Iendeshe boti mbele taratibu kwa mashine, mnyororo ulegee, winchi ivute ulegevu huo tu, simama, rudia. Gugu maji likikuwekea shamba zima mbele ya boti, mzigo huo unaongezeka mara nyingi. Lisafishe au lipishe kwanza kabla ya kugusa swichi.

La pili ni tope. Ghuba nyingi za upande huu, ya Murchison ikiwemo, zina tope laini lililokaa kama ugali mbichi, na nanga ikilala humo siku mbili inazama na kushikwa. Vuta mnyororo mpaka usimame wima, ufunge kwenye kigingi, usiuache kwenye winchi. Subiri mawimbi yaipandishe boti na kuing'oa nanga yenyewe, au isukume kwa mashine polepole. Ikitoka, fungua, maliza kwa winchi. Penye nyavu na mawe, funga kamba nyembamba kwenye kichwa cha nanga na kidumu cha lita 5 juu ya maji kama boya. Nanga ikinasa unaivuta kwa nyuma, inatoka kama jino la mtoto.

Kama mambo yote hayo yako sawa, huenda winchi ni ndogo. Hapa ndipo hesabu ya kununua inapoingia, na ni bora uifanye kabla ya kulipa. Jumlisha uzito wa vifaa vyote vya nanga kana kwamba vyote vinaning'inia: nanga 15, mita 30 za mnyororo wa milimita 8 ni 42, mita 40 za kamba ya nailoni ya milimita 14 ni karibu 5. Jumla 62. Zidisha kwa 4: takriban 250. Hizo ndizo kilo ambazo nguvu ya juu ya kuvuta ya winchi isipungue. Angalizo: kwenye boksi huandikwa namba mbili, nguvu ya juu na mzigo wa kazi, na mzigo wa kazi huwa robo au theluthi ya ile ya kwanza. Muuzaji atakusomea kubwa. Mwambie ageuze boksi.

Mota inaimba, mnyororo umesimama

Kaza klachi. Ndiyo, kwa mpini wake, kwenye ile nati ya juu. Klachi hulegezwa ili nanga ishuke kwa uzito wake, na mtu akasahau kuikaza. Ikiendelea kuteleza baada ya kukazwa, ifungue uone koni zake: grisi inatakiwa kama mafuta ya kujipaka usoni, si kama siagi ya mkate. Futa iliyozidi.

Koni ni nzuri na gurudumu bado halizunguki? Kabari ndogo ya chuma inayolishika gurudumu kwenye shafti imekatika. Ni kipande kidogo cha bei ya soda kilichojitoa mhanga kuokoa giaboksi. Kabla ya kuweka kipya, jiulize ni nini kilichokikata. Mara nyingi ni boti iliyolala usiku kucha ikivutana na nanga kupitia winchi.

Hilo naliona sana Ssese. Dhoruba za ziwa upande wetu wa kaskazini hupenda kuja usiku na alfajiri, wageni wakiwa wamelala. Boti inaruka, mnyororo unagonga, na kila pigo linaingia kwenye meno ya giaboksi. Ukishatia nanga, tundika ndoana kwenye mnyororo, iunge na kamba ya nailoni ya mita 5 au zaidi iliyofungwa kwenye kigingi, kisha legeza mnyororo wa winchi mpaka mzigo wote uhamie kwenye kamba. Nailoni inanyumbuka, wageni wanalala, shafti inabaki imenyooka.

Mafuta ya giaboksi yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kupitia oili sili. Badilisha sili kwanza, mafuta baadaye.

Mnyororo unaruka au unateleza juu ya gurudumu

Mashimo ya gurudumu yamechongwa kwa kiungo cha urefu mmoja tu. Neno "milimita 8" linataja unene wa chuma, halitaji urefu wa kiungo, na mnyororo wa kufungia mizigo ya lori unaouzwa kwa kilo una viungo virefu. Utaingia kwenye gurudumu, utazunguka mara mbili, kisha utaruka na nanga itaanguka tena.

Pima hivi. Nyoosha viungo 10, pima toka ukingo wa nje wa kiungo cha kwanza hadi ukingo wa nje wa kiungo cha mwisho. Mnyororo wa milimita 8 wa winchi, wenye hatua (urefu wa kiungo kwa ndani) ya milimita 24, utasoma 256. Wa milimita 10 una mtego: kipimo cha DIN 766 (cha Kijerumani) kina hatua ya 28 na utasoma 300, cha ISO (cha kimataifa) kina hatua ya 30 na utasoma 320. Yote miwili inaitwa "ya 10" dukani, na gurudumu la mmoja linautapika mwingine. Soma namba iliyochongwa kwenye gurudumu kabla ya kununua mnyororo.

Kipimo kikiwa sahihi na bado unaruka, tazama kama umejisokota. Ushushe wote kwenye maji yenye kina bila nanga kugusa chini, utajifungua. Halafu simama kando ya boti utazame mstari toka roda ya mbele hadi kwenye gurudumu. Uwe umenyooka, usipinde kulia wala kushoto, wala kushuka sana. Roda iliyofungwa sentimita chache pembeni inatosha kukuharibia.

Mahali kamba inapoungana na mnyororo, hakuna shakeli inayopita kwenye gurudumu. Kamba isukwe moja kwa moja kwenye kiungo cha mwisho na fundi anayejua kusuka. Nayo iwe nailoni. Ile ya bluu ya wavuvi ni nzuri kwa kazi yake, lakini inaelea, inateleza, na ikilegea inaitafuta rafadha ya mashine yako.

Inapanda vizuri, kisha inakwama baada ya mita kadhaa

Fungua sanduku la mnyororo. Utakuta mlima. Mnyororo unaanguka mahali pamoja, unajenga kilele, kilele kinagusa tundu la sitaha, na hakuna pa kwenda. Kati ya kilele hicho, mnyororo wote ukiwa ndani, na tundu juu, panatakiwa nafasi ya sentimita 30 au zaidi.

Hili ni kosa la kuchagua aina. Winchi ya kusimama, ambayo mota yake iko chini ya sitaha, inashika mnyororo kwa nusu mzunguko na inaonekana nadhifu, lakini mota inakula nafasi ya sanduku. Winchi ya kulala iko yote juu ya sitaha, inashika robo mzunguko tu, na inaacha sanduku lote kwa mnyororo. Boti zetu nyingi za mita 7 hadi 9 zina sanduku la kina kidogo mbele, kwa hiyo hapo mimi hushauri ya kulala hata mwenye boti akinuna kwa sababu ya urembo. Kwa sasa, ukiwa safarini, mtu mmoja ausambaze mlima kwa fimbo, winchi ikiwa imezimwa. Fimbo, si mkono.

Winchi inacheza kwenye sitaha

Simama. Usiitumie. Chini ya sitaha panatakiwa bamba, la chuma kisichoshika kutu au plaiwudi nene ya kuzuia maji, pana kuliko winchi yenyewe, ili bolti zisivute kwa matundu manne tu. Kwenye faiba yenye mbao katikati, kila tundu lililotobolewa lizibwe kwa epoksi kabla ya bolti kuingia. Bila hivyo maji yanaingia kwenye mbao na ndani ya misimu michache unakaza bolti kwenye uji.

Inaendelea kuzunguka ukiwa umeachia swichi

Vigusio vya kontakta vimeyeyuka na kushikana. Usihangaike na swichi, piga breka mara moja. Ndiyo maana nilisema iwe mahali mkono unapofika, si chini ya godoro la kabini. Kila anayeshika usukani wa boti hiyo aonyeshwe ilipo, na aiguse kwa mkono wake.

Ikiwa ilikuwa inashusha, mnyororo wote utatoka kabla hujafika. Hapo kinachokuokoa ni mwisho wake. Usiufunge ndani ya boti kwa shakeli. Ufunge kwa kamba imara, ndefu kiasi kwamba mnyororo ukiisha kamba itokeze juu ya sitaha, ili siku ya dhoruba au chombo kingine kinapokujia uikate na kuondoka, ukiacha boya. Kisu cha kazi hiyo mimi hukining'iniza ndani ya mfuniko wa sanduku la mnyororo, na sikiazimishi hata kwa kumenyea embe.